Neno Langu Kwenye Kinanda Chao

Alikuja na viatu vyeupe. Msimu wa kupura alizeti, uwanja mzima vumbi na makapi, yeye kavaa raba nyeupe pe kama chaki mpya. Nikajua hapo hapo kwamba siku yangu imeharibika.

Huyu ni msichana mwenzangu wa dawati. Tulikaa dawati moja miaka minne ya sekondari pale Kiomboi, na tangu kidato cha kwanza tunaitana Deski. Yeye Deski, mimi Deski. Mwalimu wa zamu akiuliza nani anapiga kelele, darasa linajibu "Deski," tunachapwa wote wawili. Tulimaliza pamoja na tukachaguliwa wote kuendelea kidato cha tano. Yeye akapanda basi la Singida na tranka lake. Mimi tranka nilikuwa nimeshanunuliwa, lakini tumboni nilikuwa na mimba ya miezi minne. Hilo tranka ninalo mpaka leo hapa Ulemo nilikoolewa, naweka vitenge na nguo za watoto. Kufuli yake bado inafunga vizuri.

Sisemi kwamba mimba aliniletea yeye. Nasema kwamba kila nikifungua tranka lile namkumbuka, na simkumbuki kwa wema.

Yeye akasoma, akaenda chuo kikuu, akatoka mhandisi. Halafu kampuni moja ya nje inayotengeneza vifaa vya elektroniki, vinanda, spika, redio za magari, ikamchukua kwenye kitengo chake cha utafiti wa muziki. Niliposikia nilicheka kwa sauti. Muziki? Yule? Kwenye kwaya ya shule mwalimu alimwambia afunge mdomo apige makofi tu. Wiki iliyofuata akamwambia aache na makofi. Kinanda cha shule nilikuwa napiga mimi.

Lazima nieleze habari ya fimbo, maana ugomvi wote umetoka hapo.

Ukipura alizeti mko wawili, mnatazamana, vichwa vya alizeti vimekauka katikati juu ya turubai. Mmoja anapiga, wa pili anapiga. Mtu mgeni anafikiri ni kupokezana tu, tiki-taka kama saa ya ukutani. Ukipiga hivyo fimbo zenu zitagongana, kwa sababu mwenzako hajainua yake vizuri. Wa pili lazima amwachie wa kwanza kidogo. Kiasi gani? Hakuna anayesema. Mkono unajua. Ukiwahi, wamama wanakupigia kelele kwa Kinyiramba.

Sasa, kanisani kwetu tulipewa kinanda, kizuri, chenye midundo mingi ndani yake ya kubonyeza tu. Midundo yote imenyooka kama msumari. Wamama wa kwaya wakashindwa kuchezesha mguu juu yake, wanakanyagana kama wanavuka matope. Mwalimu wa kwaya akasema wamama hawana mazoezi. Mimi ndiye niliyegundua kwamba wamama hawana kosa, mashine ndiyo inawahi. Nikazima mdundo wake, nikawa napiga ngoma kwa vidole kwenye funguo za chini, pigo la pili nalichelewesha kama fimbo ya alizeti. Siku hiyo kwaya iliimba mpaka mabenchi yakasogea yenyewe.

Lakini kwenye kwaya kuna manesi na walimu waliotoka mikoa mingine, Kinyiramba hawakijui. Wakiwahi kupiga makofi siwezi kuwapigia kelele za uwanjani. Nikawa nawaambia kwa Kiswahili: "Mwachie! Mwachie!" Neno likakaa. Ikawa ukisema wimbo huu ni wa mwachie, kila mtu anajua afanye nini.

Miaka miwili kabla ya zile raba nyeupe, Deski alikuja likizo akakaa kwenye mazoezi yetu siku tatu. Aliuliza maswali kama mtoto. "Unajuaje usubiri kiasi gani? Wimbo ukiwa wa haraka unasubiri pungufu? Na makofi yakiwa ya watu wengi?" Mimi nikamweleza mpaka koo likakauka. Akarekodi kwa simu, eti kumbukumbu. Nilifurahi, sikatai. Mhandisi mzima ananisikiliza mimi, mtoto mgongoni, kanga imeloa maziwa.

Basi, turudi uwanjani. Alimsalimia mama mkwe wangu, "Shikamoo mama," kapiga goti nusu ili suruali isiguse chini. Mama mkwe akaitikia marahaba huku anapepeta alizeti kwenye ungo. Deski akakaa juu ya gunia, akatoa bahasha na kile kitabu cha kioo cha kubonyeza kwa kidole. Akanionyesha picha ya kinanda kipya ambacho bado hakijaingia dukani. Kwenye safu ya vitufe, katikati ya maneno ya Kiingereza, kulikuwa na kitufe kimeandikwa MWACHIE.

Alikuwa anatabasamu. Nadhani alitegemea nirukeruke.

"Ukibonyeza hicho," akasema, "kinanda kinasikiliza makofi ya watu, halafu kinachelewesha pigo la pili chenyewe, kiasi kile kile watu wanachotaka. Mtu yeyote anaweza, Deski. Hata asiyejua kitu."

"Hata wewe," nikasema.

Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikamwuliza wanauza nini hasa hao mabosi wake. Akasema wanauza vinanda, ila kinachowaweka mjini siyo vinanda, ni hataza.

"Hatari?" mama mkwe akauliza.

"Hataza, mama. Ni hati ya serikali. Inasema njia hii ya kutengeneza kitu ni yako kwa miaka fulani. Mwingine akiitaka, lazima akuombe ruhusa."

"Aa. Mimi nimesikia hatari."

Akaeleza vizuri, simnyimi hilo. Kampuni inalipa watafiti watafute njia mpya za kila namna, za kusikiliza sauti, za kuigeuza, za kuifuata. Nyingi hazitaingia kwenye kinanda chochote.

"Sasa mnaziandikisha za nini?"

"Ili mwingine asiandikishe." Akaonyesha kwa kidevu ua wa minyaa wa jirani yetu, uliozungushiwa shamba ambalo halimi. "Kama huyo. Halimi, lakini nani atapita? Na kampuni nyingine nayo ina minyaa yake. Basi tunaelewana: nipitishe kwako, nikupitishe kwangu. Asiye na minyaa hana cha kubadilishana, anabaki barabarani."

"Na siri yake ni nini?"

"Kuandikisha kwanza, kuongea baadaye. Ukiongea kwanza umekwisha. Kitu kimeshakuwa cha wote."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekufundisha kupika pilau. Lakini mimi nilihisi kama kanimwagia maji ya baridi shingoni. Kwa sababu mimi niliongea kwanza. Niliongea siku tatu, tena kwa furaha, tena nikampikia.

Halafu akatoa fomu. Wanasheria wa kampuni hawakubali sauti ya mtu itumike bila sahihi yake, wala neno alilolisema. Nikaisoma yote. Watu wanafikiri kidato cha nne hatujui kusoma fomu. Palipoandikwa chanzo, wameandika: jamii ya wakulima. Palipoandikwa jukumu lako, wameshanijazia: mpiga makofi.

Mpiga makofi. Mimi.

"Deski," nikasema, "hili neno kwenye kitufe ni la nani?"

"La jamii. La wanawake wote wa hapa."

"Mama," nikamwita mama mkwe, "mtu akiwahi fimbo huwa mnamwambiaje?"

Mama mkwe akaweka ungo chini akalitoa kwa Kinyiramba, kwa sauti yote na mdomo umepinda, kuku wakakimbia.

"Hamsemi mwachie?"

"Mwachie ni ya kwaya. Si ni wewe uliyetuletea? Sisi tumezeeka na fimbo hatujawahi kusema hivyo."

Nikamgeukia Deski. "Umesikia? Halafu nijibu na hili. Kama ni ya mabibi, basi ni ya zamani, ilishaongelewa, haipati hiyo hataza yenu. Kama imepata, basi siyo ya mabibi, ni ya mtu. Mtu gani?"

Akaigeuza bahasha mkononi. Nikafikiri nimemkamata. Nilijisikia kama siku matokeo yetu ya kidato cha nne yalipotoka.

"Mdundo hauna hataza," akasema taratibu. "Tulichoandikisha ni jinsi mashine inavyosikiliza na kuamua isubiri kiasi gani. Hesabu zake. Hiyo kazi nimeifanya mimi na wenzangu wawili, miaka miwili, Deski. Usiku na mchana. Wewe ulinionyesha kwamba kipo cha kutafuta. Lakini kukitafuta nimekitafuta mimi."

Kilichoniudhi ni kwamba jibu lilikuwa zuri. Lingekuwa baya ningelijibu kwa tusi, lakini kwa jibu zuri unafanya nini? Nikaziangalia zile raba. Nikaiangalia mikono yake, kucha zimekatwa vizuri, hakuna hata mchubuko mmoja. Mimi kiganja changu kina sugu ya fimbo, nyuma ya shingo kuna alama ya mbeleko. Nikaona wazi kwamba ningesoma mimi, ningekuwa nimevaa mimi viatu hivyo, na ningekipata kiasi kile kwa wiki mbili, siyo miaka miwili.

"Shika fimbo," nikamwambia.

"Mimi?"

"Umeiandikisha. Shika."

Mama mkwe akasogeza ungo wake akae vizuri, kama mtu aliyewahi kiti cha mbele harusini. Deski akavua saa, akashika fimbo. Nikaanza. Pigo lake la kwanza likagongana na langu. La pili likagongana. La tatu akajaribu kusubiri, akasubiri mno, nami nilikuwa nimeshapiga tena. Nitasema ukweli: nilikuwa naongeza kasi makusudi. Nilitaka nimwone anaaibika mbele ya mtu mzima. Mama mkwe akapiga ile kelele ya Kinyiramba, na tena, na tena, kisha akaanza kucheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge.

"Binti yangu, hiyo hatari yenu haina mkono kabisa!"

Mara ya sita fimbo yangu ikampata kwenye vidole. Akaiachia yake. Akawa anavipuliza vidole, na macho yake yakajaa.

"Unafikiri nilitengeneza ile mashine kwa nini?" akasema. Sauti ilikuwa ya yule msichana wa dawatini, siyo ya mhandisi. "Miaka minne nakaa pembeni yako. Wewe unapiga kinanda huku unaongea na watu, unacheka, hata huangalii mikono. Mimi naambiwa niache makofi mbele ya shule nzima. Nilikuonea wivu mpaka nikawa sipati usingizi bwenini. Nikasema lazima kuwe na kitu cha kumsaidia mtu kama mimi."

Watu wakisimulia mambo kama haya huwa wanasema hapo ndipo walipokumbatiana. Mimi sikumkumbatia mtu. Nilisimama na fimbo yangu, hasira ikazidi. Miaka yote hii wivu ulikuwa wangu. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho. Kumbe hata kwenye wivu alikuwa ameniwahi.

"Niandike mvumbuzi," nikasema.

"Siwezi. Sheria inataka aliyeitengeneza njia. Nikikuandika kwa uongo, hataza yote inaweza kufutwa. Naweza kuomba uwekwe kwenye shukrani."

"Shukrani kama za mwisho wa harusi? Baada ya wapishi?"

"Deski, tafadhali. Pale kazini kuna watu wanangoja nikosee. Nikirudi bila sahihi nitaonekana mtu wa mchezo."

Hiyo ndiyo sentensi iliyoniamulia. Asingeisema, pengine ningesaini. Aliposema hivyo niliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu kidato cha nne kuna kitu chake kiko mikononi mwangu, na mikono yangu haikutaka kukiachia.

"Sisaini," nikasema.

Mama mkwe akaacha kucheka. Akasema kwa Kinyiramba kwamba mgeni haondoki mikono mitupu, na akaniangalia mpaka nikainuka. Nikaingia ndani nikamjazia mafuta ya alizeti kwenye chupa, ya kukamua wenyewe, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Uso wangu haukuwa wa mtu anayetoa zawadi. Akashukuru. Akaniachia fomu, akasema nikibadili mawazo niisaini, niipige picha nimtumie. Alipokuwa anaelekea barabarani kungoja basi niliziangalia raba. Zilikuwa zimekuwa rangi ya udongo. Nilifurahi. Ndiyo, kwa viatu.

Fomu nikaitia kwenye tranka.

Mume wangu anajenga huko Nduguti, nilimwambia kwa simu. Akasema, "Saini mama, unapoteza nini?" Sikuweza kumweleza. Wiki ya kwanza nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Wiki ya pili nikaanza kufikiria. Napiga kinanda Jumapili, nafikiria kanisa lingine huko nje, watu nisiowajua, mtu asiyejua kitu anabonyeza, na kwenye kidole chake pameandikwa neno langu. Atalitamka vibaya. Atauliza, hili neno maana yake nini? Na hata asipouliza, litakuwa pale. Nilianza kukionea wivu kitufe. Nimebaki Ulemo mimi, na neno langu nalo nimelizuia lisipande basi. Nimelifanyia nilichofanyiwa.

Siku moja nafua uani, nikawasikia wanangu wawili mlangoni. Mkubwa, yule wa mimba ya tranka, yuko darasa la tano. Alikuwa anamfundisha mdogo wake makofi, huyu akiwahi anampiga kibao cha mkono na kusema, "Mwachie! We, mwachie!" kwa sauti yangu kabisa, na ukali wangu. Nikaacha nguo kwenye beseni. Nikafungua tranka, nikatoa fomu. Nikakata kwa peni lile neno mpiga makofi, mistari miwili mpaka karatasi ikatoboka. Juu yake nikaandika: mwenye neno. Nikasaini. Nikapiga picha, nikamtumia, na chini nikaandika: Litumieni.

Hakujibu siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nimesimama, mikono ina unga.

"Deski, umechelewa," akasema. Alikuwa amechoka, nyuma yake watu wanaongea kizungu. "Nilipeleka jibu lako la mwanzo. Hawakukasirika hata kidogo, ndiyo kazi yao. Wakikuta mtu amefunga njia hawagombani naye, wanamzunguka. Wamerekodi makofi ya watu wengine, sehemu nyingine, wamesaini wote siku hiyo hiyo. Hataza iko pale pale, nimo mimi na wale wenzangu. Kitufe tumekibadilisha. Sasa kinaitwa namba saba."

Namba saba. Kama chumba cha gesti.

Nilidhani amemaliza, kumbe ujumbe ulikuwa unaendelea. "Hakuna aliyefurahia namba saba," akasema. "Walikuwa wameshazoea. Pale maabara mtu akikatiza mwenzake kuongea tulikuwa tunamwambia mwachie, hata wasiojua Kiswahili. Sasa nimewaambia waache." Akakohoa. "Desemba nakuja. Unifundishe ile fimbo. Siyo kwa kazi. Sirekodi."

Niliusikiliza mara nne. Siwezi kusema uliniponya. Jina lake liko kwenye hati ya serikali, langu liko kwenye fomu iliyotoboka ndani ya tranka. Akija atakuja na viatu vingine. Nitaviona kabla sijamwona yeye, najijua.

Jioni mama mkwe alikuwa anachambua mboga, akauliza, "Ile hatari yenu iliishia wapi?"

"Imetuzunguka, mama. Imepita."

"Na mwenzio?"

"Anataka kufundishwa fimbo."

Akacheka kicheko chake. "Yule? Labda umfunge na kamba." Akaendelea na mboga, halafu akasema bila kuniangalia, "Umemjibu?"

Sijamjibu. Leo ni siku ya tano. Najua anaangalia simu, maana naona alama kwamba yuko hewani, inatokea na kupotea. Nitamjibu. Jibu ninalo, liko tayari. Lakini asubiri kidogo. Kiasi gani, hakuna anayesema.